Beji Niliyomvalisha Salha

Jumanne iliyopita nilikwenda Mchafukoge kununua zipu. Ni safari ya kijinga kwa mwanamke wa umri wangu, maana zipu siku hizi zinapitishwa hadi mlangoni kwangu, lakini nina tabia ya kutafuta visingizio vya kupita mitaa ile, na nikishafika hujifanya sina habari na ghorofa moja ya zamani yenye kibaraza cha chuma na madirisha ya kijani. Safari hii sikuweza kujifanya. Turubai lilikuwa limefungwa kukata njia, viti vya plastiki vimejaa wanaume wenye kofia, na ngazi za ghorofa zimejaa viatu vya wanawake. Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa akigawa maji, "Msiba wa nani, baba?" Akanijibu kwa adabu, "Wa bibi yetu, Bi Zuwena. Tumemzika jana alasiri." Akanipa na chupa ya maji, akidhani nimekuja kuhani. Nikaipokea. Badala ya kupanda ngazi nikavuka barabara, nikasimama kwenye kivuli cha duka la mapazia, nikawa nahesabu miaka. Ilikuwa zaidi ya arobaini tangu Bi Zuwena aniambie neno la mwisho, na katika miaka yote hiyo sikupata kumwambia nilichotaka kumwambia.

Mwaka nilipomjua nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na nchi ilikuwa katika ile miaka ya foleni, ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza ndipo unauliza kinauzwa nini. Habari za kwetu Kilimanjaro naziacha, hazina hatia katika jambo hili. Nilipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na uani bomba moja, choo kimoja, na majiko ya mkaa ya wapangaji yamepangwa ukutani kila moja na mwenyewe. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, meza, ndoo mbili, na dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani. Kuta za ndani hazikufika juu. Zilikomea njiani na juu yake palikuwa wazi chini ya bati, kwa hiyo tulisikiana kila kitu, kikohozi, ugomvi, redio, hata mtu akijigeuza kitandani. Miezi miwili ya kwanza niliipenda nyumba ile kupita kiasi. Mama Chausiku wa chumba cha mkabala, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, alikuwa akiniita uani jioni, "Flora, njoo bwana, huu ugali wa yanga ukipoa unakuwa tofali," na tulikula sinia moja pamoja na wanawe watatu, ugali ule wa mahindi ya njano ya msaada, mchicha na dagaa, tukisukumana viwiko.

Kosa langu lilikuwa kujisifu. Nilipoulizwa kazi yangu ningesema tu niko hospitali, wangedhani nesi, yakaisha. Lakini nilikuwa nimetoka mafunzoni na kichwa kimejaa, nikaeleza yote: wagonjwa wa saratani, mashine ya kobalti, mionzi isiyoonekana inayopenya nyama na mfupa, kuta za zege nene kuliko urefu wa mkono, mlango mzito ambao mtu mmoja anausukuma kwa bega. Nilipomaliza nikaona Mama Chausiku amemvuta mwanawe mdogo pajani. Kesho yake jioni hakuniita. Keshokutwa nilikuta jiko langu limesogezwa upande wa choo. Nikienda bombani, aliyekuwa akikinga maji aliondoa ndoo yake haraka, "Kinga tu, dada, mimi nitasubiri," na adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Nilijaribu kumweleza Mama Chausiku kwamba mionzi ya mashine yetu ni kama mwanga wa taa, ukifunika taa, aliyekuwa mbele yake haondoki na mwanga mfukoni. Akaitikia, "Ndiyo, ndiyo, nimekuelewa," huku akirudi nyuma hatua mojamoja. Jioni ileile nikamsikia juu ya ukuta akimwambia mumewe, "Inamkaa mwilini ile. Yule hazai yule." Mumewe akasema, "Maskini, binti mzuri." "Mzuri, nani kakataa? Ila watoto wasiingie chumbani kwake." Nilikuwa na tonge mkononi. Nilimaliza kula, maana unga haukuwa wa kutupa, lakini sikujua ninakula nini.

Kazini nako upweke ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Watu hawaelewi kwamba kobalti haizimwi. Mashine nyingine ukizima umezima. Ile inafunikwa tu. Ndani ya kichwa chake kuna kipande kidogo cha madini kinachotoa mionzi mchana na usiku, kiwe na mgonjwa au kisiwe naye, na kazi yetu ilikuwa kukifunua kwa dakika chache mbele ya uvimbe wa mtu na kukifunika tena, sisi wenyewe tukiwa nje. Kwa hiyo kila mgonjwa tulimlaza, tukampima, tukamwekea alama kwa wino, kisha tukamwacha peke yake. Mkuu wetu, Ndugu Aloisi, mtu mfupi mkavu mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa na sheria yake mwenyewe: ukitoka chumbani, piga hodi. Dunia nzima hupiga hodi ikiingia, sisi tulipiga tukitoka. Unazunguka mashine, unachungulia kila kona, unaita kwa sauti, "Hodi!" na unasikiliza. Asipoitika mwingine zaidi ya mgonjwa, unafunga mlango, unageuza ufunguo, na taa nyekundu inawaka juu ya mlango. "Macho yanadanganya," alikuwa akituambia. "Usiponiona usiamini sipo. Niite." Na kifuani kila mmoja wetu alivaa beji, kijisanduku cha plastiki chembamba chenye kipande cha filamu ndani. Beji haikuzuia chochote. Ilihesabu tu mionzi iliyompata mvaaji, na kila mwisho wa mwezi tulizikusanya, zikapelekwa Ulaya kwa ndege, maana hapa hatukuwa na wa kuzisoma.

Salha aliletwa mwezi ukiwa umekaribia katikati. Alikuwa na miaka sita na uvimbe kwenye paja, na daktari alimwandikia wiki sita, kila siku ya kazi. Mama yake ndiye huyo Bi Zuwena, mwanamke wa ukoo wa Kiarabu aliyezaliwa na kukulia mjini, mwenye buibui lililochakaa pindoni na sauti iliyozoea kuamrisha. Mumewe, Bwana Nasoro, alikuwa na duka la vitambaa chini ya ghorofa yao, ingawa mwaka ule vitambaa vyenyewe vilikuwa majora mawili na rafu tupu. Siku ya kwanza mtoto alilia mpaka akatapika. Hayakuwa maumivu, mionzi haiumi. Alililia kuachwa. Nilipomwambia Bi Zuwena atoke nje alinitazama kama nimemtukana.

"Kwetu mgonjwa hafungiwi peke yake, mwanangu. Hata maiti hatumwachi peke yake, seuze mzima."

"Ni dakika chache tu, Mama Salha. Utamwona kwenye kioo."

"Na wewe unayeingia na kutoka mchana kutwa, haikudhuru?"

"Naingia mashine ikiwa imefunikwa."

"Na hicho ulichobandika kifuani?"

Benchi nje lilikuwa limejaa wagonjwa, wengine tangu alfajiri. Nami, niseme ukweli, nilikuwa nimechoka kueleza. Nyumbani nilieleza nikahamishiwa jiko chooni. Nikamjibu, "Hii ni ya usalama wetu." Haukuwa uwongo. Lakini niliona usoni mwake alichokielewa, na nikamwacha akielewe hivyo.

"Basi mvalishe mwanangu," alisema, na ile sauti ya kuamrisha haikuwamo tena. "Kama mimi siruhusiwi kukaa naye, hiyo ikae naye. Nakuomba, binti."

Nikaifungua kifuani kwangu, nikambandika Salha juu ya kanzu yake ya hospitali. Mtoto akaifunika kwa kiganja, akameza kilio, akalala kama alivyolazwa. Nilipiga hodi, nikatoka, nikageuza ufunguo. Kupitia kioo nilimwona hatikisi hata kidole. Nilijua nimekosea, mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua. Filamu ile ilikuwa inaandika habari za mtu mwingine kwa jina langu. Lakini nilijiambia mtoto akitulia mionzi inakwenda inakotakiwa, na hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinidanganya vizuri. Kesho yake Salha aliponiona tu alinyoosha mkono. Nikaendelea hivyo siku baada ya siku, na wenzangu waliokuwa wakishughulika na vipimo nje hawakuona.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo sikujiambia hata mwenyewe wakati ule. Bi Zuwena alikuwa akinisubiri benchini saa ya mapumziko na kikapu. Sukari haikuwapo mjini, lakini nyumba yao haikukosa tende, kwa hiyo tulikunywa chai kavu tukiuma tende, na siku za bahati kulikuwa na wali wa nazi na kipande cha nguru. Siku ya kwanza nilimwambia mapema, ili asije akajuta baadaye, "Nyumbani wenzangu hawali na mimi. Wanaogopa mionzi." Akacheka mpaka wagonjwa wakageuka. "Mwanangu analala chini ya hiyo mashine, nami nalala naye kitanda kimoja. Kama inaambukiza, basi tumekwisha sote. Kula, Mchaga wee!" Tukala sahani moja. Sikumbuki kama samaki alikuwa na chumvi ya kutosha. Nakumbuka vidole vyake vikisukuma mnofu upande wangu, na kwamba ilinibidi niinamie sahani asinione machozi. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena wiki kwa Jumapili. Nilihesabu kwa zile saa za benchini, na nilikuwa naogopa siku wiki sita za Salha zitakapokwisha, jambo ambalo mtu mwenye akili zake angelishukuru.

Mwezi ulipokwisha beji zilikwenda Ulaya, tukapewa nyingine. Salha alikuwa amebakiza siku nane za matibabu ilipofika telegramu. Ndugu Aloisi aliniita ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kaa, Flora. Beji yako imesoma vibaya. Vibaya sana." Alikuwa ameshika kile kikaratasi kwa mikono miwili. "Uliwahi kubaki ndani mlango umefungwa?"

"Hapana, Ndugu."

"Uliingia taa ikiwa nyekundu?"

"Hapana."

"Uliiacha beji mahali popote? Ndani ya chumba? Fikiri."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Lakini niliona kufukuzwa, niliona basi la kurudi kaskazini, niliona mwingine amekaa benchini mahali pangu akila tende. Nikasema, "Sijui." Ndugu Aloisi hakunishuku hata chembe. Mtu asiyesema uwongo ni rahisi sana kudanganywa. Alikata shauri kwamba kifuniko cha mashine hakifungi sawasawa na mionzi inavuja, akabandika karatasi mlangoni: chumba kimefungwa mpaka kikaguliwe. Wagonjwa waliokuwa benchini wakaambiwa warudi makwao wasubiri kuitwa. Mzee mmoja kutoka Kisarawe mwenye uvimbe shingoni aliuliza mara tatu, "Nirudi lini?" na hakuna aliyemjibu.

Siku nane chumba kilifungwa. Siku zote hizo Ndugu Aloisi aliingia mle peke yake na kipimo chake kinacholia, akitambaa pembezoni mwa kuta, akipitisha mkono kwenye viungo vya mashine, akajiweka mwenyewe mbele ya kitu alichoamini kinavuja ili sisi tusiwekwe. Mimi nilikuwa nikitolewa damu kila asubuhi. Watu wa wakati ule waliamini maziwa yanaondoa sumu mwilini, na maziwa yalikuwa adimu kama dhahabu, lakini Ndugu Aloisi aliniletea chupa moja kila siku kutoka nyumbani kwake, akasimama kuhakikisha nimemaliza. Nilikunywa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha uzima, na hilo hawakuliwekea methali. Hata Mama Chausiku, aliposikia nimepatwa, aliniachia kikombe cha uji mlangoni, akagonga na kukimbia. Huruma yake ilifika mpaka kizingitini. Nilikaa kitandani nikaunywa uji ule wa moto nikisikiliza watoto wake wakinyamazishwa ng'ambo ya ukuta, "Shh, dada anaumwa," na sijawahi kujichukia vile.

Siku ya pili ya kufungwa, Bi Zuwena alinikuta kwenye ukumbi wa hospitali nimeshikilia pamba penye sindano. Alinikumbatia mbele za watu. "Ni mimi," alisema. "Ulivua kinga yako ukampa mwanangu, ndiyo maana imekupata wewe. Ni mimi niliyekuomba." Akalia begani kwangu, mtu mzima, buibui lake linanuka udi na mafuta taa. Ningemwambia pale pale. Nilifungua hata mdomo. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kunililia katika mji ule, na niseme aibu yangu yote: kuna upande wangu uliopenda kuliliwa. Nikanyamaza, nikampigapiga mgongoni kama mimi ndiye mkubwa. Alikuja tena siku ya tatu na ya nne, ameshika mkono wa Salha, kuuliza kama chumba kimefunguliwa. Siku ya tano hakuja.

Siku ya nane Ndugu Aloisi alinionyesha barua aliyokuwa ameiandika wizarani. Hakuwa ameona uvujaji wowote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kitu kinachovuja na kisionekane ni kibaya kuliko kinachoonekana. Aliomba mashine isitumike mpaka fundi aje kutoka nje. "Huenda miezi mitatu," alisema. "Huenda zaidi. Najua maana yake kwa wagonjwa, Flora, lakini siwezi kuua wafanyakazi." Akachukua bahasha. Nikamwambia asiitie gundi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mtoto, kanzu, kiganja chake, siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Ndugu Aloisi akaichana barua vipande vinne, akavipanga mezani kimoja juu ya kingine.

"Siku nane," alisema.

"Nisamehe, Ndugu."

"Yale maziwa yalikuwa ya mwanangu." Hakupaza sauti. "Kesho saa moja tunafungua. Wewe huingii tena chumba hiki, utakaa masjala kutunza mafaili. Lakini leo utakwenda kuwaita wagonjwa wote wa hapa mjini, mmoja mmoja, kwa miguu yako."

Nilianzia Mchafukoge. Nilipanda zile ngazi mbiombio, nafsi nyepesi kidogo kwa mara ya kwanza, maana nilidhani nakwenda na habari njema. Bi Zuwena alifungua mlango akapiga kelele ya furaha. "Alhamdulillahi, umesimama! Ingia, ingia." Nikabaki pale mlangoni. Nyuma yake niliona sebule, cherehani, na kitanda kidogo kimetandikwa vizuri mno.

"Mama Salha, mashine ni nzima. Nami ni mzima, sikupatwa na kitu. Mleteni mtoto kesho asubuhi."

Furaha ikamtoka usoni taratibu. "Baba yake ameondoka naye tangu juzi. Yuko Tanga kwa kaka yake, kuna mtu huko anatibu kwa dawa za mitishamba na kisomo. Alisema mashine inayoua mafundi wake haimgusi tena mwanawe. Ningembishia vipi? Mimi mwenyewe nilikuona ukitolewa damu." Akanitazama. "Kama wewe mzima, ilikuwa nini basi?"

Nimeyafikiria yale majibu mawili zaidi ya nilivyofikiria jambo lingine lolote maishani. La kwanza lilikuwa kumweleza kazi ya beji. Hapo asingehitaji kuambiwa zaidi. Angejua mwenyewe ni nani aliyeomba mtoto avalishwe, na njia yote ya kwenda Tanga na kurudi angeitembea na neno hilo. Lakini aliyejua ni mimi. Yeye aliomba kwa kutokujua, nami nilimpa kwa kujua. Nikasema, "Ni kosa langu la kazi. Nilikosea, nikaogopa kusema, chumba kikafungwa bure."

"Siku zote nane?"

"Siku zote nane."

"Nami nakulilia," alisema. "Nasimama kwenye sala nakuombea." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifunga mlango polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa, nikasikia komeo.

Salha alirudishwa baada ya wiki mbili, akamalizia siku zake nane. Mimi nilikuwa masjala, nyuma ya kidirisha, na kadi yake ilipita mikononi mwangu asubuhi na kurudi mchana. Bi Zuwena alipopita ukumbini aliinamisha kichwa. Nilielewa kwamba hataki kuniona, nikaacha kutazama. Mwaka uliofuata, kabla ya masika, faili la Salha lilirudi masjala likiwa na karatasi ya mwisho, na ni mimi niliyelipeleka kwenye rafu ya marehemu. Nilimwendea Ndugu Aloisi nikamuuliza kama ni zile siku. Alivua miwani. "Hakuna ajuaye," alisema. "Uvimbe ule ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Lakini sitakwambia hapana, kwa sababu sijui." Sikwenda kuhani. Katika mji ambao hata adui yako unamwendea akifiwa, mimi sikwenda, na hilo nalo nililiweka juu ya mengine. Baadaye Ndugu Aloisi alinitaka nirudi chumbani kwenye mashine, nikakataa, nikastaafu na mafaili. Kuolewa nako nilikuahirisha mpaka kukaacha kuniuliza. Mara moja, miaka ya baadaye, tulikutana na Bi Zuwena uso kwa uso soko la Kariakoo, penye vitunguu. Aligeuza uso. Nami, kumrahisishia, niligeuza wangu, nikaenda kununua vitunguu kwa bei ya juu upande wa pili.

Jumanne iliyopita, basi, nilisimama pale kwenye duka la mapazia mpaka mwenye duka akaniuliza napenda rangi gani. Nikavuka. Nikajifunika mtandio, nikavua viatu, nikapanda ngazi nikishika ukuta. Ndani wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, nikatafuta nafasi karibu na mlango. Mwanamke mmoja wa miaka kama arobaini hivi, macho yamevimba, akanijia kwa magoti. "Shikamoo, mama. Samahani, sikukujua. Mimi ni Rahma, mwanawe marehemu." Nikaitikia marahaba, nikampa pole, nikasema nilifanya kazi hospitali zamani, nilimjua mama yake kidogo. Alinishika kifundo cha mkono. "Mama Flora?" Sijawahi kuwa mama wa mtu, lakini niliitika.

Alinipeleka chumba cha ndani akafunga mlango. Aliniambia kwamba dada yake, ambaye yeye hakumkuta duniani, aliporudishwa kutoka Tanga, mama yao alimwomba fundi mpya amvalishe mtoto ile beji. Fundi akacheka. Akamweleza kuwa beji haikingi kitu, inahesabu tu, na kwamba kuna binti mmoja mpumbavu ilihesabu kwa jina lake mionzi isiyokuwa yake, ndiyo chumba kikafungwa. "Mama alijua siku ileile," Rahma alisema. "Alisema alikwenda kukaa benchini. Alitusimulia mara nyingi. Yule binti, alikuwa akisema, alibeba kosa langu akaondoka nalo."

"Mbona hakuniita? Alikuwa akinipita ukumbini kila siku."

"Alikuonea haya. Alisema ataanzia wapi. Siku moja alikuona sokoni akarudi nyumbani hana raha, akasema, nimemwona Flora, ameniona, amegeuza uso. Alijua humtaki."

Rahma akakaa sawa, akaweka mikono juu ya magoti kama mtu anayetekeleza alichotumwa. "Jana makaburini kaka aliwaambia watu, kama ilivyo desturi, kwamba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe. Lakini wewe mama alikutaja kwa jina. Alisema, Flora akija niombeeni radhi kwake, na asipokuja mtafuteni. Basi namwombea radhi mama yangu."

Ombi hilo lina jibu moja tu, kila mtu mjini analijua, na maiti hasubirishwi. Nikasema, "Nimemsamehe. Mungu naye amsamehe." Rahma akashusha pumzi ndefu, akanibusu mkono, akanishukuru, kisha akainuka, maana wageni wengine walikuwa wakipanda ngazi. Nilibaki nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Bi Zuwena. Mimi nilikuwa na langu la kumwomba, la zile siku nane, na walikuwa wamemzika jana yake.